Kinyago na Siri Yake: Nafasi ya Midimu katika Jando la Wamakonde wa Mtwara

Makala haya yanafafanua nafasi ya midimu, yaani wachezaji wa vinyago, katika jando la Wamakonde wa Mtwara. Hoja ya msingi ni kwamba kinyago hupata maana kutokana na mpangilio wa jando zima. Kikiondolewa humo hubaki sanaa, lakini hakifundishi tena.

Jando lina hatua tatu. Kwanza, wavulana hutengwa na mama zao, hupelekwa kumbini na kutahiriwa na ngariba. Pili, hukaa faraghani wakifundishwa nyimbo, mafumbo na wajibu wa mtu mzima. Tatu, hutolewa na kupokewa kwa ngoma. Kwa kuwa ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, mjomba ana dhima kubwa katika hatua zote.

Midimu hutokea wakati wa kuwatoa wari. Uso wa mti mwepesi, wenye chale za Kimakonde, pamoja na mavazi yanayofunika mwili mzima, humficha mchezaji. Kwa wasiopita jandoni, huyo ni mzimu uliokuja kushangilia. Kwa mwari aliyekwisha kufunuliwa kwamba ndani yumo mtu, kinyago ni kipimo cha kutunza siri. Hivyo, uwanja mmoja hubeba maana mbili, na tofauti hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba mvulana amevuka.

Mpangilio huu sasa umebanwa. Katika maeneo kama Naliendele, jando lililofanyika kiangazi baada ya mavuno hulazimika kufuata likizo za shule, na wavulana wengine hutahiriwa hospitalini. Muda unaopungua zaidi ni ule wa hatua ya pili, ambao ndio wa mafunzo.

Historia ya ukusanyaji inatoa funzo lilelile. Mwaka 1906, Karl Weule alikusanya vinyago katika Uwanda wa Makonde na kuvipeleka Ujerumani. Kinyago kilichoibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kilirejeshwa mwaka 2010 kutoka Makumbusho ya Barbier-Mueller, Geneva. Kilichorejea ni kifaa. Kumbi lililokipa kazi halirejeshwi kwa mkataba.

Kwa mtafiti, hitimisho hili lina sharti la kimaadili. Tasnifu iliyo wazi kwa kila msomaji inaweza kueleza muundo wa jando bila kuchapisha mafumbo ya kumbini. Kuyaanika bila ridhaa ya wazee ni kuivunja siri ambayo kinyago kiliwekwa kuilinda.