Kabla ya kununua nyumba ya uzeeni Syokimau, fikiria magoti yako

Si kila mfanyakazi wa Nairobi anayepanga kurudi kijijini akistaafu. Wengi waliovuka miaka 40 sasa wanataka kubaki karibu na mji, lakini nje ya kelele zake, na mahali wanapopataja mara nyingi ni Syokimau katika Kaunti ya Machakos. Sababu zao zinaeleweka. Barabara ya Mombasa iko karibu, stesheni ya gari moshi la kuingia mjini ilifunguliwa mwaka wa 2012, na tangu 2017 treni ya kwenda Mombasa huanzia safari papo hapo. Jina lenyewe ni la nabii wa kike wa Wakamba anayesimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa reli, kwa hivyo labda hatupaswi kushangaa.

Mnunuzi akifika huko huuliza mambo mawili: bei na hatimiliki. Ni maswali mazuri. Hata hivyo, kuna la tatu ambalo ni nadra kulisikia, nalo ni hili: je, nikiwa na miaka 75 nitaweza kuishi ndani ya nyumba hii?

Tangu 2009, mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu akitimiza miaka 60, badala ya 55. Akijaliwa, ataishi miaka 15, 20 au zaidi ndani ya nyumba hiyo. Lakini aliyeichagua alikuwa na miaka 42, magoti yake hayakuwa yakiuma, na alichotaka ni nyumba ya kupendeza wageni. Ndiyo sababu nyumba nyingi za mtaa huo ni za ghorofa: sebule na jikoni chini, vyumba vyote vya kulala juu. Sijui ni nani aliyetuambia kwamba nyumba bila ngazi si nyumba.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwamba kuanguka ni sababu ya pili ya vifo vinavyotokana na ajali duniani, baada ya ajali za barabarani, na wanaoathirika zaidi ni watu waliovuka miaka 60. Mzee haanguki kwa uzembe. Misuli ya mapaja hupungua nguvu, macho hayapimi vizuri kina cha kidato, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu humfanya mtu aone kizunguzungu anaposimama ghafla. Aidha, mzee huamka usiku mara kwa mara kwenda msalani. Kama msala uko chini na kitanda kiko juu, safari hiyo ni ya hatari kila usiku. Mifupa ya uzeeni ni myepesi kuvunjika, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, na mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi harudi kutembea kama zamani.

Kinga yake si ghali ikipangwa mapema. Angalau chumba kimoja cha kulala na bafu viwe chini. Milango iwe na upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite. Sakafu ya bafu isiwe ya vigae vinavyong'aa na kuteleza, na ukutani pawe na vyuma vya kushikilia. Swichi ya taa iweze kufikiwa kutoka kitandani. Fundi akiambiwa haya kabla ya kumwaga zege, gharama ni ndogo. Akiitwa baada ya mzee kuanguka, itabidi abomoe kuta.

Baada ya ngazi, chunguza maji. Sehemu nyingi za Syokimau na Mavoko kwa jumla hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, au maji ya malori ambayo mara nyingi hutoka katika visima vivyo hivyo. Maji ya chini ya ardhi katika miamba ya volkeno ya Nairobi na Athi River yanajulikana kuwa na madini mengi ya floridi. Kiwango kilichowekwa na WHO ni miligramu 1.5 kwa lita moja, na visima kadhaa vya eneo hili hupita hapo. Anayeyanywa akiwa mtu mzima haoni kitu kwa miaka mingi, lakini floridi ikiwa nyingi mno hujikusanya katika mifupa na kuleta maumivu na ukakamavu wa viungo, ambayo mzee hudhani ni baridi yabisi tu. Kwa wajukuu athari huonekana mapema zaidi, kwa kuwa meno ya kudumu ya mtoto hujengeka kabla hajafika miaka 8 hivi, na hutoka yakiwa na madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakaisha.

Wengi hudhani kuchemsha maji kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, madini hubaki yakiwa mazito zaidi. Mtambo mzuri wa kuchuja kwa utando huiondoa, na huko Nakuru mkaa wa mifupa ya ng'ombe umetumika kwa kazi hiyo. La kwanza ni kupeleka chupa ya maji ya kisima katika maabara ipimwe kabla ya kutoa malipo ya kwanza.

Kuhusu ndege zinazotua JKIA, lala huko usiku mmoja kwanza, uone kama utapata usingizi.

Hatimiliki nayo ni suala la afya. Mnamo Novemba 2011 nyumba nyingi zilibomolewa Syokimau, serikali ikisema ardhi hiyo ilikuwa ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Kijana akipoteza nyumba anaweza kuanza tena; mstaafu mwenye shinikizo la damu au kisukari hana mshahara wa kuanzia. Fanya utafutaji katika ofisi ya ardhi kupitia wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji.

Tangu 2020, sheria inamruhusu mwanachama wa mpango wa malipo ya uzeeni kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Ni nafasi nzuri, lakini kumbuka kwamba fedha hizo hizo ndizo zingenunua dawa za kila mwezi. Mchango wa bima ya afya ya jamii, SHA, hauishi ukistaafu, na asiye na mshahara hulipa kuanzia shilingi 300 kwa mwezi kulingana na anavyopimwa.

Kuna jaribio moja lisilogharimu kitu. Kabla ya kutia sahihi, mchukue mama au baba yako aliyevuka miaka 70, umpeleke akaione nyumba hiyo, na umwache apande ngazi peke yake huku ukimfuata nyuma. Ukiona ameshika ukuta kabla ya kidato cha tano, mwombe wakala akuonyeshe nyumba nyingine.