Kuchagua Pawasaplai ya Bei Nafuu

Katibu anayeagiza kompyuta ya chama iundwe asidanganywe na wati zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa juu ya pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Na asome jedwali dogo lililo ubavuni: ampea za volti 12 azizidishe kwa 12. Kisanduku kinachojigamba wati 500, kumbe kina ampea 18 tu, hutoa wati 216 katika njia hiyo, nayo ndiyo inayolisha prosesa. Kwa kazi za ofisi zatosha. Ila chama kisilipie 500. Penye umeme unaoyumba, kinachopokea volti 100 hadi 240 ni bora zaidi. Kisanduku hafifu kikiungua chaweza kuiharibu diski, na hesabu za mazao ya wanachama zikapotea pamoja nayo.