Mche wa tufaha: Uliza shina kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

MNUNUZI wa mche wa tufaha uliobebeshwa huuliza kwanza jina la tunda, kisha bei. Ni wachache wanaouliza mche huo umebebeshwa juu ya shina gani. Kwa mkazi wa Bariadi, ambako kiangazi ni kirefu na maji hununuliwa, swali hilo laweza kuamua iwapo mti utasimama au utakauka uani kabla ya mwaka wa pili.

Matufaha, au maepo kama yanavyoitwa sokoni, hayafuati mzazi yakioteshwa kwa mbegu. Kwa sababu hiyo, kikonyo cha aina inayotakiwa huunganishwa kwenye shina la mche mwingine. Kikonyo huleta tunda; shina la chini huleta mizizi. Ndiyo njia inayotumika kubebesha maembe ya kisasa juu ya miche ya kienyeji.

Tofauti ni kwamba mashina ya mitufaha yamechaguliwa kwa makusudi ili kudhibiti ukubwa wa mti. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika kituo cha utafiti cha East Malling, Kent, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1913. Ndiyo maana mashina mengi hutajwa kwa herufi M au MM na namba.

Shina la M9 hudumaza mti. Kwa kawaida hufikia mita 2.5 hadi 3 na huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu. Hata hivyo, mizizi yake ni dhaifu, hivyo mti huhitaji nguzo ya kuuegemeza maisha yake yote, udongo wenye rutuba na maji ya uhakika.

MM106 lina nguvu ya wastani. Mti hufikia mita 4 hadi 5, huzaa mwaka wa tatu au wa nne, na mizizi yake hustahimili vidukari wenye utando mweupe mithili ya pamba. Udhaifu wake ni kuoza shina mahali maji yanapotuama. MM111 hukua kwa nguvu zaidi na huvumilia ukame, ila hukawia kuzaa.

Tofauti hizo huonekana mapema. Katika miaka miwili ya mwanzo, mche wenye shina lenye nguvu hutumia chakula chake kurefusha matawi na mizizi. Ule wa M9 huharakisha maua. Ukiachwa uzae ungali mdogo, ukuaji wake hudumaa. Inashauriwa kuondoa matunda yote ya mwaka wa kwanza.

Mkoani Simiyu, udongo nao una neno. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi na hushika maji wakati wa mvua, hali inayoweza kuozesha MM106. Udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, hupitisha maji upesi, na M9 lisilomwagiliwa huteseka humo. Kwa sifa hizo, MM111 kwenye luseni, pamoja na samadi na matandazo ya majani makavu, ndilo chaguo lenye hatari ndogo.

Lakini shina haliondoi hitaji la baridi. Aina nyingi za matufaha huhitaji saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi joto 7. Aina ya Anna, iliyozalishwa Israeli, hutosheka na takriban saa 300, lakini hata baridi hiyo haipatikani Bariadi. Ndiyo sababu matufaha ya nchini huhusishwa zaidi na nyanda za juu kama Njombe na milima ya Lushoto. Kwa hiyo, mkazi wa Simiyu apande mche mmoja au miwili ya majaribio, wala si shamba zima.

Wakati wa kupanda, kiungo cha kikonyo na shina kibaki sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Kikifukiwa, kikonyo huota mizizi yake chenyewe na faida ya shina hupotea.

Na muuzaji asiyeweza kulitaja shina la mche wake, mnunuzi asimlipe bei ya mche uliochaguliwa.