Alama Ndogo, Safari Ndefu: Kuandika Skripti za Latitudo na Longitudo

Utangulizi

Mnamo Mei 2000, serikali ya Marekani iliondoa kizuizi kilichokuwa kikipunguza kwa makusudi usahihi wa mfumo wa GPS kwa raia. Tarehe 3 mwezi huohuo, Dave Ulmer alificha ndoo yenye vitu vidogo vidogo na daftari karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, kisha akatangaza latitudo na longitudo yake ili wengine waitafute. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa jiokashingi, yaani kusaka makasha yaliyofichwa. Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuandika skripti, yaani programu fupi, inayosoma vipimo vya mchezo huu, na makosa yanayompoteza mtafutaji.

Jinsi vipimo vinavyosomwa

Wachezaji hutumia digrii na dakika zenye desimali. Ndoo ya Ulmer ilikuwa N 45° 17.460, W 122° 24.800. Ramani nyingi za kompyuta, kwa upande mwingine, huhitaji digrii za desimali. Kwa kuwa digrii moja ina dakika 60, skripti hugawanya 17.460 kwa 60, ikapata 0.291, kisha ikajumlisha na 45. Jibu ni 45.291. Anayehamisha tarakimu tu na kuandika 45.1746 atakuwa amekosea kwa takribani kilomita 13.

Herufi nazo hugeuka kuwa alama. Kaskazini na mashariki ni chanya. Kusini na magharibi ni hasi. Hapa ndipo penye mtego, hususan kwetu sisi ambao nchi yetu imepitiwa na ikweta.

Mitego miwili

Chukua S 1° 18.000, latitudo ya viungani mwa Nairobi. Skripti ikiipa digrii alama hasi kisha ikajumlisha dakika, itapata -1 + 0.3, yaani -0.7. Jibu sahihi ni -1.3. Mtafutaji atapelekwa kilomita 66 hivi kaskazini mwa kasha lake.

Mtego wa pili ni mjanja zaidi. Nakuru iko karibu na S 0° 18.000, E 36° 04.000. Digrii zake ni sufuri, na sufuri hasi katika nambari kamili ni sufuri tu. Alama hutoweka bila onyo lolote, na mtafutaji wa Nakuru huelekezwa ng'ambo ya ikweta, karibu na Ziwa Bogoria. Skripti iliyojaribiwa kwa vipimo vya Oregon pekee haitaonyesha dosari hii kamwe.

Mwanafunzi wa sarufi atalielewa jambo hili upesi. Katika kitenzi "hatukufika", kiambishi ha- hakikanushi silabi inayokifuata tu, bali kitenzi kizima. Vivyo hivyo, alama hasi ni ya kipimo kizima, si ya digrii peke yake.

Suluhisho

Kwanza, skripti isome herufi na kuihifadhi kando. Pili, ihakikishe kwamba dakika ziko chini ya 60, latitudo haizidi 90, na longitudo haizidi 180. Tatu, ikokotoe thamani yote ikiwa chanya. Mwisho kabisa, iwapo herufi ni S au W, izidishe jibu kwa -1. Hatimaye ijaribiwe kwa mahali pa kila upande wa ikweta, pamoja na pale penye digrii sufuri.

Hitimisho

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mchezo, ufa huu hugharimu matembezi ya bure. Lakini hesabu hizihizi hutumiwa kumwelekeza dereva wa ambulensi au kikosi cha uokoaji, na huko kilomita 66 zaweza kuwa uhai wa mtu. Basi, ndugu msomaji, uandikapo skripti, anza kuijaribu kwa mji wako mwenyewe.