Ghala la Isiolo halimfai mteja wa Merti barabara ikikatika

Kwa miaka mingi lami iliyotoka Nairobi ilikomea mjini Isiolo. Magari ya kuelekea Marsabit na Moyale yaliingia vumbini hapo, na madereva wakihesabu safari kwa siku, wala si kwa saa. Ujenzi wa barabara hiyo, ulioanza mwaka 2007 na kuendelea kwa awamu kwa takriban miaka kumi, ulibadilisha hesabu: lori likiondoka Isiolo alfajiri laweza kufika Moyale, umbali wa kilomita 500 hivi, siku iyo hiyo.

Hivyo mfanyabiashara wa jumla anayetaka kuhudumia kaskazini huona kwamba ghala moja kubwa mjini Isiolo linatosha. Kwa wateja walio kando ya lami, hakosei. Mwenye duka mjini Marsabit hupiga simu leo, hulipa kwa simu iyo hiyo, na kesho yake mzigo uko mlangoni. Hana haja ya kurundika bidhaa.

Merti, ingawa imo katika kaunti ya Isiolo, ni habari nyingine. Njia ya kufika huko kwa sehemu kubwa ni ya udongo, na mvua za masika au vuli zikinyesha sana malori hukwama.

Tuseme duka la Merti huuza magunia manne ya sukari kwa siku. Wakati wa kiangazi mzigo hufika siku mbili baada ya kuagizwa, kwa hiyo magunia manane yatosha kungojea lori. Barabara ikifungwa kwa siku 15, duka lilo hilo litahitaji magunia 60. Magunia hayo 52 ya ziada ndiyo kiini cha mpango wote, na swali ni yakae wapi. Yakibaki Isiolo, ghala litakuwa limejaa na mteja amekosa sukari.

Jawabu ni ghala dogo Merti kwenyewe, lijazwe kabla ya Machi na tena kabla ya Oktoba. Ni kweli kwamba fedha zitalala humo, na kodi na mlinzi ni gharama. Lakini anayepeleka lori moja kubwa kabla ya mvua hutumia kidogo kuliko yule anayelikwamua matopeni, na likishusha mzigo laweza kurudi na mbuzi wa kuuzwa Isiolo badala ya kurudi tupu.

Si kila bidhaa ifaayo kuwekwa muda mrefu. Sukari, mchele, majani ya chai na mafuta ya kupikia huvumilia. Mahindi yahitaji uangalifu mkubwa: unyevu wake usizidi asilimia 13.5, magunia yapangwe juu ya vichanja vya mbao mbali na ukuta, na yaliyotangulia kuingia ndiyo yatangulie kutoka. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Mengi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo ilipokufa na maziwa kukauka, familia za wafugaji zilitegemea chakula cha dukani kuliko wakati mwingine wowote. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua kubwa za El Nino zikakata barabara nyingi za kaskazini.

Wenye maghala hupenda kuhesabu magunia yaliyotoka. Hesabu hiyo haimsaidii mteja. Afadhali daftari lenye safu tatu: siku mzigo ulipoagizwa, siku ulioahidiwa, na siku ulipofika ukiwa kamili. Safu ya Merti isomwe peke yake, isichanganywe na ya Marsabit.