Dawa ya Sonona na Tamthilia ya Mauaji

Mtu aliyekuwa amezama katika sonona, yaani ile hali ambayo wengi huiita mawazo mengi, anaanza kumeza vidonge. Baada ya wiki kadhaa ndugu zake wanamkuta amekodolea macho tamthilia ya watoto wanaopotea msituni, na anaifurahia. Wanaingiwa na hofu: dawa zimemharibu kichwa? Kwa kawaida ni kinyume chake. Dalili mojawapo kuu ya sonona ni kukosa ladha ya kila kitu, kwa hiyo anayetaka kujua muuaji ni nani ameanza kurudi.

Dawa hizi ziligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa iproniazidi, ndugu wa karibu wa isoniazidi ambayo wauguzi wa kifua kikuu wanaijua vizuri hadi leo. Wagonjwa walichangamka kupita kiasi, wengine wakacheza dansi wodini. Mwaka 1957 daktari Roland Kuhn wa Uswisi alitangaza kwamba imipramini inapunguza sonona. Amitriptilini ikafuata mwaka 1961, na fluoksetini ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987.

Zinafanyaje kazi? Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba mgonjwa amepungukiwa serotonini na kidonge kinajaza pengo. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Joanna Moncrieff na wenzake mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti wa upungufu huo. Hata hivyo dawa zenyewe zinasaidia. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliokusanya majaribio 522 ulionyesha kuwa dawa zote 21 zilizopimwa zilishinda kidonge bandia, ingawa si kwa tofauti kubwa.

Mimi navutiwa zaidi na kazi ya Catherine Harmer wa Oxford. Aliwapa watu wazima wenye afya dawa hizi kwa siku saba tu. Hawakuwa na furaha zaidi kuliko kabla, lakini walipoonyeshwa picha za nyuso, hawakuwa wepesi tena kuona hofu na hasira ndani yake. Kwa mtazamo huo, kidonge hakimletei mtu raha. Kinapunguza kelele za king'ora ndani ya ubongo, na raha huja polepole, kadiri mtu anavyoishi tena na watu bila kuona tishio katika kila uso. Ndiyo maana nafuu huchukua wiki, na wengi huacha dawa mapema wakidhani hazifai.

Hapo ndipo tamthilia inapoingia. Tamthilia ya Kijerumani Dark, iliyoonyeshwa kati ya mwaka 2017 na 2020, ni vifo, siri na watoto waliopotea tangu mwanzo hadi mwisho. Ili mtu aionee raha, lazima ubongo uweze kuogopa huku ukijua kwamba uko salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliona kwamba wapenzi wa filamu za kutisha walisumbuka kidogo kuliko wengine wakati wa Uviko, japo hauthibitishi kwamba filamu ndizo zilizowakinga. Na aliyeona mauaji kwa macho yake katika vita vya Maniema, mashariki mwa Kongo, asilazimishwe kuyatazama tena kwenye skrini.

Kuna utulivu mwingine wa kuuangalia kwa makini. Baadhi ya wanaomeza dawa hizi husema hawahuzuniki wala hawafurahi. Hata msiba hauwagusi. Hilo aambiwe muuguzi, kwani dozi au dawa yenyewe inaweza kubadilishwa.

Kwa mkazi wa Tunda, katika teritwari ya Kibombo hukohuko Maniema, vituo vya akili vya Tulizo Letu mjini Goma na Sosame mjini Bukavu viko mbali mno. Lakini amitriptilini na fluoksetini zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na tangu mwaka 2008 shirika hilo lina mpango wa kuwafundisha wauguzi wa kawaida kutibu sonona. Hata bila kidonge kuna njia: huko Uganda, jaribio lililochapishwa mwaka 2003 lilionyesha kuwa vikundi vya mazungumzo vijijini, vikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, vilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Zone ya afya isiyo na daktari wa akili inaweza kuanzia hapo.

Ukipewa dawa hizi, usiziache ghafla, na mtajie muuguzi kila unachomeza, hasa tramadoli: ikichanganywa na fluoksetini inaweza kuleta degedege. Amitriptilini ifichwe mbali na watoto. Vidonge vingi kwa mara moja vinaweza kusimamisha moyo.