Hizbu na Afro Katika Kabati Moja

Mtu akija kwangu Wesha na nakala ya zamani ya gazeti la Mwongozi, humkaribisha, humtilia kahawa, kisha humuuliza kama kwao halikubaki na Afrika Kwetu la wiki hiyohiyo. Wengine hununa. Zama za siasa, nyumba iliyosoma moja haikuingiza la pili. Mimi nayataka yote mawili, tena yakae kabati moja, kwani kusoma gazeti la chama peke yake ni kumsikiliza mshitaki bila ya mshitakiwa.

Al-Falaq, la Jumuiya ya Waarabu, lilianza 1929. Mwongozi lilizaliwa 1942, Vita Vikuu vya Pili vikiendelea, na mkononi mwa Ali Muhsin likaja kuwa sauti ya chama cha ZNP, ambacho sisi tunakiita Hizbu. Afrika Kwetu la Mtoro Rehani lilijibu kwa upande wa Jumuiya ya Waafrika, na baadaye wa chama cha Afro-Shirazi (ASP). Mwingereza hakuyachekea. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walitiwa hatiani kwa uchochezi kwa makala za Al-Falaq, na 1962 Abdulrahman Babu wa Zanews akafungwa kwa kosa kama hilo. Baada ya uchaguzi wa 1957 watu waligomeana maduka, mabasi, hata mazishi. Juni 1961 ghasia za Unguja ziliua watu 68. Anayeyajua hayo, kejeli za kurasa zile hazimchekeshi.

Marekani nako, ilipotangaza vita na Uingereza 1812, gazeti la Federal Republican la Baltimore lilivipinga vita hivyo, na umati ukaibomoa ofisi yake. Wakusanyaji wa huko wana bahati tusiyokuwa nayo: karatasi ya enzi ile ilitengenezwa kwa matambara, haichakai upesi. Letu la 1961 ni la karatasi ya mbao, na asidi imo ndani yake. Likipigwa na jua hugeuka rangi, likikunjwa hukatikia kwenye mkunjo. Basi la miaka mia mbili linakuwa imara kuliko la juzi!

Huku Pemba kuna na unyevu wa masika. Nakala moja niliyonayo ilikuwa imetandikwa chini ya sanduku la nguo za harusi. Kutu ya misumari imekula kichwa cha gazeti, mchwa wamepita katikati ya tangazo la baiskeli, lakini tahariri imesalimika. Selotepu sikuitia, maana gundi yake huacha doa la manjano lisilotoka. Niliipiga picha, nikailaza bila kuikunja baina ya karatasi nyeupe, ndani ya boksi lililoinuliwa juu ya sakafu. Dawa ya mende sipulizi kabisa karibu yake.

Nyingi hazikupona. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, karatasi ya Hizbu ndani ya nyumba ilikuwa ya kuitia moto. Mpaka leo nikiuliza, yupo mzee atakayetazama mlango kwanza: "Mwanangu, nani kakwambia mimi ninalo?" Asiyetaka tabu hiyo aende Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, akasome huko.

Ninachokitafuta mimi ni magazeti ya Januari 1961. Katika uchaguzi ule ASP ilipata viti 10, ZNP 9 na chama cha tatu, ZPPP, 3, na kiti cha Chake Chake, hapa jirani, Afro walikichukua kwa kura moja tu. Wajumbe wa ZPPP wakagawika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, serikali ikashindikana mpaka uchaguzi ukarudiwa Juni. Nataka kuona kila upande uliiandikaje kura ile moja. Mwenye nakala ya siku zile, ya upande wowote, aje nayo. Kama hataki kuiacha, nitaipiga picha mbele yake aondoke nayo, na sitamuuliza babu yake alikuwa chama gani.